Shingo za Kuku Nilizozipika

Nina mdogo wangu wa kike anayeishi Nkoma, kule Mbale, na tangu utotoni kila kinachopita mkononi mwake hutoka kizuri kuliko kilivyoingia. Mimi nikipanda sukumawiki, wadudu wanapata mlo. Yeye akitupa mbegu za papai nyuma ya jiko, baada ya muda majirani wanakuja kuomba matunda. Wivu wa namna hii watu wanauita roho ya kwa nini, na mimi ninayo. Kwa miaka mingi niliificha vizuri, mpaka ilipofika zamu ya mbwa.

Mbwa alikuwa wangu. Nilimlea hapa Walukuba kwa posho, yaani ugali wa mahindi, tangu akiwa wa kubebwa kwenye kikapu. Alipofika miaka minne ngozi ikaanza kumharibika: manyoya yakamtoka mgongoni, masikio yakanuka, akawa anajikuna mpaka damu. Nilimwogesha kwa dawa. Nilimpaka hata oili chafu ya gari kwa ushauri wa jirani, na sitaki kutetewa kwa hilo. Hakupona. Kisha mama mkwe wangu akavunjika nyonga huko Busia, ikabidi niende kumuuguza miezi mitatu, na mbwa nikamwacha kwa mdogo wangu.

Niliporudi kumchukua sikumtambua. Alikuwa amelala barazani, mweusi, anang'aa. Alinijia, akaninusa mkono, akatingisha mkia kwa adabu kama mtu anayemsalimia afande aliyekwisha kustaafu, halafu akarudi kulala juu ya miguu ya mdogo wangu.

"Ulimpa nini?" nikauliza.

Akanipeleka kwenye friza. "Daktari ya mifugo alisema posho ndiyo inamusumbua. Mimi nikaacha posho kabisa. Namupa moyo ya ng'ombe, maini kidogo, na hii shingo ya kuku. Naweka kwa friza siku kadhaa, naitoa, nampa mbichi."

"Mbichi?"

"Mbichi, dada. Usipike hata kidogo. Sana sana hii ya mifupa."

Alisema hivyo hivyo, kwa hiyo siwezi kudai sikuambiwa.

Baba yetu alikuwa askari magereza, na kambini tulikokulia kulikuwa na sheria moja kuhusu mbwa: hapewi nyama mbichi, maana akionja damu leo, kesho atamgeukia mtoto. Mifupa ya ng'ombe, mikubwa kama mguu wa kiti, ilichemshwa pamoja na posho kwenye sufuria moja nyeusi, na mbwa wa kambi waliitafuna na hakuna aliyekufa. Sote wawili tulilelewa kwa sheria hiyo. Yeye aliivunja bila kuogopa, na mbwa akapona, wala hakumuuma mtu. Hilo liliniuma mimi.

Nilimrudisha Walukuba, na wiki mbili nikafuata maagizo. Mbwa akazidi kung'aa. Kila aliyepita aliuliza nani amemtibu, na mume wangu alikuwa wa kwanza kujibu: "Shemeji yangu wa Mbale. Yule ana mkono!" Nikamwambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akacheka, akadhani natania.

Nilitaka apone kwa mkono wangu. Ndiyo sababu yote, sina nyingine. Nikachukua zile zile shingo za kuku, nikazitia kwenye sufuria, nikazichemsha kama tulivyofanya kambini, nikajiambia kwamba hivi ni salama zaidi. Mbwa alizila zote akalamba bakuli. Nilifurahi kweli kweli.

Siku ya tatu alikataa chakula. Mgongo ulijikunja, akawa anajikamua bila kutoa kitu, analia kwa sauti ndogo. Nilimfunga kwenye kitenge, nikampakata juu ya boda boda mpaka kwa daktari. Daktari akamminya tumbo, akanitazama.

"Mama, nani napika hii mifupa? Ya kuku ikiwa mbichi inapinda. Ukipika inavunjika kama chupa. Imemuchana ndani."

"Sijui, daktari," nikasema.

Jioni nikampigia mdogo wangu simu. "Chakula chako kimemchana mbwa wangu matumbo," nikamwambia. Nikamsikia anaanza kulia.

Alifika kesho yake. Kwetu mdogo humpigia mkubwa magoti akimsalimia, na akiomba radhi hukaa chini hivyo hivyo mpaka ainuliwe. Alipiga magoti juu ya saruji ya uani, mwanamke mwenye mshahara wake na nyumba yake. "Dada, nisamehe. Mimi nilijifanya najua." Nikamwacha hapo chini. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu tukiwa wasichana, na sitadanganya, ilikuwa tamu. Halafu mbwa, ambaye tangu nimrudishe na dawa kutoka kwa daktari hakuwa ameinuka kwa ajili yangu hata mara moja, akasimama akiyumba, akaenda kumlalia mapajani.

"Mchukue," nikasema.

Alidhani nimemsamehe. Ukweli ni kwamba sikuweza kuendelea kuwatazama.

Mwezi ulipita. Nilikuwa naosha dagaa wa mukene wa kukaanga aliponipigia.

"Dada, anajikuna tena. Mimi siku hizi nachemsha kila kitu, naweka na posho, kama kambini. Mgongo imeanza kutoka manyoya. Daktari anasema nirudie mbichi, lakini naogopa, tutamuua. Wewe unasema nini?"

Ningeweza kumwambia endelea kuchemsha. Maneno mawili tu, na mbwa angerudi kuwa kama alivyokuwa kwangu, na watu wa Nkoma wangeona kwamba hata yeye kuna kitu kinamshinda. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Mpe mbichi," nikasema.

"Si hiyo ilimuchana?"

"Hapana. Zile shingo nilizipika. Nilizipika mimi."

Nyuma yake nilisikia mguu wa mbwa ukigonga sakafu, anajikuna.

"Nilikupigia magoti, dada," akasema, akakata simu.

Mbwa amepona sasa, manyoya yamejaa, anang'aa kuliko mwanzo. Nimemwona kwenye picha. Mdogo wangu aliituma kwa mume wangu.