Watoto wa Bethlehemu na Kitinda Mimba Wetu

Mdogo wangu wa kiume alipopewa upadri, mama alianza kumwita Padiri, yeye aliyemzaa. Tulimcheka, lakini kwa fahari. Mimi niliacha shule nikauza maharage ili yeye asome, akafika hadi ng'ambo, na sikumwonea wivu hata siku moja.

Vita vilitutoa kwetu Kiwanja tungali watoto, tukakimbia kwa miguu hadi mji wa Goma. Kitinda mimba wetu alifia njiani, karibu na kijiji cha Munigi. Tulimfunika kwa mawe meusi ya volkano kando ya barabara, na leo pale pana nyumba za watu.

Wanawake wa shirika letu pale parokiani, wengi wao wakimbizi kama sisi, walikuwa na desturi. Kila sikukuu ya watoto waliouawa na Herode, baada ya komunyo, mama aliyepoteza mtoto katika kukimbia husimama na kutaja jina lake, na kanisa zima huitikia, "Mutuombee." Mama yetu hakuikosa siku hiyo hata akiwa na malaria. Hakuna mahali pengine ambapo jina lile lilitajwa.

Mwaka mmoja mdogo wangu ndiye aliyesoma misa ya sikukuu hiyo. Alihubiri kwamba hakuna mwandishi mwingine wa zama zile aliyetaja mauaji ya Bethlehemu. Matayo, alisema, alikitunga kisa kile kwa kufuata habari za Musa na Farao, ili tumjue Yezu ni nani. Mimi sikatai elimu, huenda ni kweli. Ila baada ya komunyo wanawake waliposimama, yeye alitoa baraka ya mwisho akaondoka zake. Mama akabaki amesimama, mdomo wazi, kisha akaketi.

Nilimfuata sakristia nimefura kwa hasira.

"Padiri, juu ya nini umefunga mama kinywa?"

"Dada, ile desturi inachanganya bakristu. Hatuwezi kujenga juu ya mambo yenye haikufanyikaka."

"Na ya kwetu? Nayo haikufanyikaka?"

Alikunja stola yake bila haraka. "Tulikuwa batoto. Batu banahadisia, na habari inaongezeka. Pengine mutoto alikufa na homa kule nyumbani, mbele ya vita kuanza. Mama ndiye anamuwekaka mu barabara, mu hadisi yake."

Aliyasema kwa upole, kama anayemtuliza mgonjwa, na upole ule ndio ulionikata maini. Tumenyonya ziwa moja, naye alinisaliti mchana kweupe, akiwa na mavazi ya misa.

Ni kweli yeye hakuona. Siku ile ya kukimbia, baba alimtanguliza kwa baiskeli. Mama alikuwa amejitwika mizigo, kwa hiyo mtoto nilifungiwa mimi mgongoni. Alilia njia nzima. Tulipokaribia Munigi akanyamaza, nami nikafurahi kwamba hatimaye amelala.