Ijumaa Ambayo Hawakuiomba

Kabla sijawa dereva Riyadh nilikuwa mwalimu wa historia, na ualimu haukunitoka nilipovuka bahari. Katika nyumba niliyofanya kazi, mtaa wa Suwaidi, alikuwepo dada mmoja kutoka Ukambani, mfanyakazi wa ndani. Kila adhuhuri tulikwenda pamoja kuwachukua watoto wa bosi shuleni. Tukiwa tunasubiri kengele, alinisomea maswali ambayo binti yake wa kidato cha tatu alimtumia kwa simu.

Siku moja swali lilihusu Baraza la Kutunga Sheria la enzi za mkoloni. Nilimweleza polepole, kama ninavyokueleza wewe. Baraza hilo ndilo lililokuwa bunge la koloni la Kenya. Gavana aliliongoza. Walowezi walikuwa na wajumbe wao, Wahindi wao, Waarabu wa pwani wao. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, kwa miaka mingi hawakuwa na hata mmoja. Walisemewa na mmisionari mzungu aliyeteuliwa na gavana.

"Alikuwa mtu mbaya?" akaniuliza.

"La. Huenda aliwapenda kweli. Lakini alisema alichodhani wanataka."

Akanigeukia. "Kama nyinyi na kikao chenu."

Kikao chetu kilikuwa cha Ijumaa mchana. Sisi wanaume Wakenya, madereva na walinzi, tulikutana katika chumba cha mlinzi mmoja. Wanawake hawakuruhusiwa kutoka peke yao, kwa hiyo mwenyekiti wetu, dereva wa makamo, ndiye aliyewasemea. Tulikuwa tumekubaliana kwamba, baada ya kikao kijacho, kila dereva amwombe bosi wake ampe dada wa nyumbani siku ya mapumziko: Ijumaa. Tulijiona tumefanya jambo kubwa.

"Mwalimu," akasema, "Ijumaa tunaenda kwa nyanya wa watoto. Mabinti zake wote wanakuja, kila mmoja na mfanyakazi wake. Jikoni tunajaa Wakenya. Tunapika, tunasengenya, tunacheka. Mkituombea Ijumaa, madam atasema sawa, baki nyumbani upumzike. Atafunga mlango aende. Nitaongea na nani, friji?"

"Basi mnataka siku gani?"

"Jumamosi asubuhi. Baada ya kuosha sufuria zote hizo, mgongo unakataa kunyooka. Mngeuliza, tungewaambia."

Nilishtuka. Ombi kama lile huombwa mara moja. Ukishapewa siku, huwezi kuirudisha ukataka nyingine.

Ijumaa hiyo, nyanya alipolala baada ya chakula, dada alinipigia simu kutoka jikoni. Niliiweka simu juu ya kiti cha plastiki, katikati ya wanaume, nikafungua spika. Mwenyekiti hakufurahi.

"Mwalimu, hawa dada zetu tumewasemea siku zote. Nani amelalamika?"

Simu ikajibu: "Mzee, heshima yako. Ungetusikia vipi, na mlango umefungwa?"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Kwenye simu, nyuma ya dada, zikasikika sauti za wanawake wengine: "Mwambie Jumamosi! Mwambie hata nusu siku!"

"Ngojeni, nyinyi! Mmoja mmoja!" dada akawakemea.

Mwenyekiti akainamia simu. "Yaani Ijumaa hamtaki kabisa?"

"Ijumaa ni yetu tayari, mzee. Usituombee kitu tulicho nacho."

Akakuna kidevu, kisha akacheka mwenyewe. "Halas, yamekwisha. Jumamosi."

Si mabosi wote waliokubali. Wetu alikubali, mpaka adhuhuri, na wengine wachache wakafuata. Mwenyekiti naye akatangaza kwamba dada yule sasa ni mjumbe wa wanawake katika kikao. Nilimpongeza garini, nikamweleza kwamba hata Mwafrika wa kwanza katika lile Baraza, naye mwalimu, aliteuliwa na gavana. Kura za kuwachagua wajumbe Waafrika zilikuja miaka mingi baadaye.

"Kwa hiyo mimi nimeteuliwa na wanaume."

"Ndiyo."

"Mafi! Hakuna! Tutapiga kura."

Ijumaa iliyofuata walipiga kura jikoni kwa nyanya. Dengu zilikuwa kura zake, maharagwe kura za mpinzani wake, dada wa Mombasa aliyewahi kufanya kazi Jeddah, mwenye Kiarabu chepesi na mdomo usioogopa mtu. Bakuli lilijaa maharagwe.

Nilipopigiwa simu kuambiwa matokeo, nilidhani nitamkuta amevunjika moyo. Aliingia garini akifuta machozi ya kicheko.

"Nimeshindwa vibaya, mwalimu! Hata mimi nimempigia kura yeye."