Presha ya Baba na Msiba wa Qurus

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, pale Karatu, presha ilikuwa na sababu moja tu: mawazo. Baba alipovimba miguu na hospitali ikasema figo zake zimechoka na presha imepanda, shangazi, dada yake mkubwa, akatoa amri. Mgonjwa asisikie habari mbaya yoyote. Ng'ombe akifa, kimya. Mtoto akifeli, kimya. Amri zile zilinichosha, lakini nani angembishia shangazi?

Kisha baba mkubwa akafariki kule kijijini Qurus. Yeye na baba walikuwa wamelima shamba moja tangu ujana. Tulikwenda kuzika, baba tukamwacha kitandani, tukamdanganya kwamba tunakwenda kuvuna mbaazi. Kwa mila yetu wafiwa hunyoa nywele, nasi tulinyoa, tukarudi tumevaa kofia na vilemba, hatukuvivua hata mezani. Tulisingizia baridi. Kila baba alipomtaja kaka yake, moyo ulinipasuka.

Pamoja na ukimya wote ule, presha haikushuka. Daktari mmoja mgeni alimpima, akarudia, akauliza kama mzee huwa na hasira. Shangazi akajibu kwa fahari kwamba hajaudhiwa na mtu tangu augue. Daktari akatikisa kichwa. Alisema alikotoka wapo wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine, na presha ya baadhi yao hugoma kushuka hata maji yaliyozidi mwilini yakishatolewa. Figo mbovu hupeleka ujumbe kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu, nao ubongo huamuru mishipa ya damu ijikaze, hata mtu akiwa ametulia kabisa. Wenzake walikuwa bado wanalichunguza jambo hilo.

Baba alisikiliza macho kafumba. Daktari alipotoka, akayafumbua, akamtazama shangazi.

"Umesikia, dada? Si mawazo. Sasa niambie, kaka yetu mmemzika lini?"

Kofia zetu alikuwa amezielewa tangu siku ya kwanza. Hakuuliza kwa sababu naye aliamini jibu lingemuua.

Shangazi alishika ukingo wa kitanda. Mimi niliogopa kuliko yeye.

"Mwezi uliopita," akasema.

Baba hakufa. Alilia hadi mto ukalowa, akaomba apelekwe Qurus. Tukamwambia mwili wake hauwezi safari, na hapo hatukumdanganya.

"Kufa nitakufa tu," alisema. "Lakini mmeninyima hata konzi moja ya udongo ya kumtupia."