Mama Gesti na Karamu ya Gizani

Mama Gesti alizaliwa chumba namba tatu, kwa sababu siku hiyo namba tatu ndicho pekee kilichokuwa hakina mgeni. Nyumba ile ya wageni ilikuwa ya marehemu mama yake: vyumba vinane vilivyotazamana kwenye korido nyembamba, chumba cha kulia chakula mbele, jiko na kamba za kuanikia nyuma. Mtoto akatambaa kwenye sakafu iliyopigwa deki kila siku, akajifunza tarakimu kwa vibao vya milangoni, na kabla hajavunja ungo alikwisha kuwajua binadamu kwa mashuka yao. Ndiyo maana hakuwaheshimu sana. Mtu akikupita barabarani na tai yake shingoni, na wewe ndiye uliyetandua kitanda chake asubuhi, heshima itoke wapi?

Mama yake alipofariki, nyumba ikawa yake, na dharau zake nazo zikapata uwanja. Aliwadharau wageni waliofutia viatu taulo, waliopaka dawa ya meno kwenye kioo, waliodai maji ya moto jua likiwa utosini. Lakini hao walikuwa wa kupita. Dharau ya kudumu, ile aliyoipalilia kama bustani, aliiweka kwa ajili ya mumewe.

Huyo mume naye alikuja kama mgeni. Alikuwa akitembeza vitasa vya milango, akapanga namba saba kwa siku mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Gesti, wakati huo msichana, alimpa. Yule bwana akaliegemeza jembe ukutani, akaketi kwenye benchi la mapokezi, akasema, "Unajua, Japani kuna hoteli iliyofunguliwa mwaka mia saba na tano, na mpaka leo inapokea wageni?" Msichana alikuwa hajawahi kusikia mwanamume akizungumzia jambo lisilohusu tumbo lake. Akacheka. Kicheko hicho, alipenda kusema baadaye, ndicho kilichomponza.

Watu walimwita Bwana Dunia, ingawa dunia yenyewe aliifahamu kwa magazeti yaliyosahauliwa na wageni, na siku hizi kwa simu. Alijua kwamba Uswidi kuna hoteli ya barafu, kila msimu wa baridi inajengwa upya na kila joto likirudi inayeyuka na kurudi mtoni. Alijua kwamba hoteli nyingi za ghorofa zinaruka namba kumi na tatu, kutoka kumi na mbili unajikuta kumi na nne. Kubadilisha balbu hakujua.

"Mke wangu," alisema asubuhi moja, mkewe akiwa ameinama na ndoo, "Bolivia kuna hoteli imejengwa kwa chumvi. Kuta chumvi, vitanda chumvi. Wageni wanaombwa wasilambe kuta."

"Wewe umekula chumvi nyingi kuliko hiyo hoteli yao, na akili bado haijakolea. Inua miguu nipige deki."

Akainua miguu. Hakukasirika. Hakuna kilichomuudhi mkewe zaidi ya huko kutokasirika.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, msichana, akakua akawa fundi wa umeme wa kutegemewa na mzungumzaji wa maneno machache. Alipofikisha umri wa kuolewa, ikaja posa kutoka kwa watu wenye duka kubwa la vigae, wale waliokuwa na nyumba ya ghorofa inayong'aa mpaka uani. Mama wa kijana alikuwa maarufu kwa miwani yake myeusi, asiyoivua hata ndani, na kwa hiyo hapa tumwite Mama Miwani. Mama Gesti, ambaye aliwadharau watu wote kwa haki na usawa, kwa hawa alilegea. Akanunua mapazia mapya. Akaanza kusema "wakwe zangu" sokoni, kwa sauti ya juu kidogo kuliko bei ya nyanya.

Wakwe wakaahidi kuja kula chakula cha mchana Jumamosi. Lakini Mama Miwani akatuma neno: yeye amekwisha kula kwenye hoteli zote za maana, hatarajii kushangazwa na nyumba ya wageni ya vyumba vinane, ila atajitahidi.

Mama Gesti alikosa usingizi. Mumewe ndiye aliyetoa dawa.

"Uswisi kuna mkahawa," alisema, "watu wanakula gizani. Giza totoro. Wanaohudumu ni vipofu, kwa sababu kwao giza si kitu. Watu wanasema chakula kinakuwa kitamu zaidi macho yakipumzika. Tuwalishe gizani."

Siku nyingine yoyote angemrushia dekio. Lakini alikuwa ameshikwa na homa ya wakwe, na homa hiyo humfanya hata mwerevu ale maneno ya mjinga. "Kumbe siku moja utafaa," akasema. Wakaziba madirisha ya chumba cha chakula kwa mablanketi ya wageni, mawili mawili, na mlango wakautundikia jingine zito. Binti akayakagua, akatikisa kichwa.

Jumamosi wakaja watano: Mama Miwani, mdogo wake wa kike, mjomba mmoja mwenye tumbo la kutangulia, kijana mwenyewe wa vigae, na baba yake, mzee mpole aliyeonekana kama amekuja kubeba mkoba. Bwana Dunia akawapokea mlangoni kwa koti la harusi yake, akawaeleza habari za Uswisi. Mama Miwani akainua kidevu. "Uswisi? Afadhali. Angalau mmejitahidi kuiga watu wa maana."

Wakaingizwa mmoja mmoja kwa kushikwa mkono na kukalishwa. Mtumishi wa kike aliyekuwa ahudumu akasema giza lile yeye haliingii hata kwa dawa, akakimbilia jikoni. Basi Mama Gesti akavua viatu, akabeba sahani mwenyewe. Chumba kile alikifahamu tangu anatambaa, akapita kimya kama paka.

Mle ndani kulikuwa na vituko. Kijana wa vigae alilalama, "Mama, kijiko changu kiko wapi? Mama, nani ananigusa?" Mjomba hakulalamika hata kidogo, ilisikika tu mifupa ikivunjwa, upesi upesi, kama mtu anayekimbizana na muda. Na kutoka pembeni, Bwana Dunia akamwaga elimu: kwamba neno "restaurant", ambalo Wafaransa wanaitia mikahawa yao, lilianza likiwa jina la supu ya kurudishia wagonjwa nguvu, kwamba Maldivi kuna mkahawa chini ya bahari, samaki wanakuchungulia ukila wenzao.

"Huyu mtu hanyamazi?" akauliza mtu gizani.

Mama Gesti alikuwa anaweka bakuli la mchuzi wakati mkono wenye pete nyingi ulipomkamata kiganja na kumvuta.

"Mdogo wangu," Mama Miwani akamnong'oneza, akidhani ni dada yake, ambaye kumbe alikalishwa upande wa pili wa meza. "Umekiona kiwanja? Pembe ya barabara mbili! Msichana mwenyewe hivi hivi tu, mikono kama ya dereva wa lori, lakini ni mtoto wa pekee. Waoane tu. Mwaka mmoja tunabomoa hili banda, tunaweka ghala la vigae."

Mama Gesti akatulia kama maji ya mtungini. Akanong'ona pia, "Na mama yake?"

"Tutampa chumba cha uani. Huyo bwege mumewe atakaa langoni ayahesabie magari mikahawa ya Uswisi."

"Akikataa?"

"Nani, yule?" Mama Miwani akacheka kwa pua. "Atakataaje? Hujamwona anavyotetemeka? Mtu huyo angetulamba nyayo kama tungezinyoosha. Amenunua mapazia kwa ajili yetu, maskini."

Hilo la mapazia ndilo lililopenya. Hilo la ghala lilikuwa uroho, na uroho wa watu aliuzoea. Lakini mapazia yalikuwa kweli. Alisimama pale gizani na kiganja chake mikononi mwa yule mama, akajiona alivyokuwa wiki nzima: yeye, aliyemcheka mumewe miaka yote kwa kuzimia hoteli za wengine, alikuwa amezimia sakafu inayong'aa. Akajidharau. Ilikuwa dharau mpya, na ilimkaa vibaya, kama kiatu cha mtu mwingine.

Mkono wake mmoja ulikuwa umeshikwa. Wa pili ukafikia dirisha. Akavuta mablanketi kwa nguvu zote, yakaanguka pamoja na fimbo ya pazia, na jua la saa saba likaingia bila kubisha hodi.

Mjomba alikuwa na mapaja mawili ya kuku ndani ya leso, leso ikiwa njiani kwenda mfukoni. Kijana wa vigae alikuwa anakula kutoka sahani ya baba yake, na mzee wa watu alikuwa ameisogeza amsaidie. Dada wa Mama Miwani alikuwa upande ule, mbali, mdomo wazi. Na Mama Miwani, miwani usoni, alikuwa bado ameukamata mkono wa Mama Gesti.

"Banda hili," Mama Gesti akasema, "lina mwenyewe. Chukua mkono wako."

"Sikujua ni wewe!"

"Najua hukujua. Ndiyo maana ulisema kweli."

Mama Miwani akasimama, kiti kikaanguka. "Watu gani mnawalisha wageni gizani kama popo? Na huyo bwege wenu mropokaji..."

Bwana Dunia akajitokeza kutoka pembeni, koti lake limevimba mabegani. "Bwege si tusi kwangu, mama," akasema kwa upole. "Mke wangu ananiita hivyo kila asubuhi, na yeye ndiye mtu ninayemwamini. Ila Uswisi hawafungui dirisha kabla ya kitindamlo."

Wakaondoka. Mjomba alikuwa wa mwisho, na leso hakuiacha. Mzee mpole alirudi hatua mbili, akasema chakula kilikuwa kizuri sana, kisha akakimbia asiachwe.

Mama Gesti akamgeukia binti yake aliyekuwa ameegemea mlango. "Utanisamehe, mwanangu. Nimekuharibia."

"Mimi nilikuwa simtaki," binti akasema. "Nilidhani wewe ndiye unayemtaka."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unatundika mapazia."

Mama Gesti akamtazama mumewe, akitafuta neno kwa ajili yake. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mama Miwani, anakula kilichobaki, na hakuwa na kinyongo hata chembe. Mama Gesti akatafuta "asante", akaikuta imekauka. Akasema, "Koti lako limepasuka mgongoni, bwege wewe," na akamwongezea mchuzi.

Watu wa vigae wakatangaza mji mzima kwamba wamelishwa gizani na kutukanwa. Walitaka kuiangamiza nyumba ya Mama Gesti, lakini watu ni watu: wiki iliyofuata wakaja wawili kuuliza kama na wao wanaweza kulishwa gizani. Halafu sita. Halafu mwalimu mkuu na mkewe, waliokuwa hawajaongea kwa muda mrefu na waliotaka kula bila kutazamana. Binti akaweka mapazia mazito ya kushuka kwa mota, kazi safi. Bwana Dunia akapewa dakika kumi za kuzungumza, hata moja zaidi hapana.

Mama Gesti mpaka leo haelewi. Watu wazima, wenye macho mawili waliyopewa bure, wanavaa vizuri, wanapanga foleni, wanatoa pesa wasione wanachokula. Kila Jumamosi anawashika mkono mmoja mmoja, anawaongoza kama ndama, anawaambia, "Karibu, mheshimiwa, inua mguu, hapo hapo." Sauti yake ni asali. Na mle ndani, ambamo hakuna anayemwona, anamkunjia kila mmoja wao uso wake kadiri anavyotaka.