Maziwa Ndani ya Maji

Katika miaka ya hamsini nilikuwa nasomea ualimu Goma, na mtihani wangu wa mwisho ulikuwa kufundisha darasa la watoto somo la mwanga mbele ya mkaguzi Mbelgiji. Nilikuwa na tochi, karatasi nyeusi yenye tundu, na bakuli la kioo la duara lililojaa nusu maji ya ziwa. Maji yalikuwa maangavu mno, mwanga haukuonekana ukipita ndani yake. Mwalimu wangu akasema niongeze matone machache ya maziwa.

Kwetu Kibati, sisi watu wa ng'ombe, maziwa hayatiwi majini. Ukiyatia, ng'ombe aliyeyatoa anakauka. Mama alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja. Nilimdanganya kwamba mkaguzi anapenda maziwa. Alikiosha kibuyu mara mbili kwa furaha, akanijazia.

Tulifunga madirisha. Nikapiga vumbi la chaki hewani, nikamulika kutoka chini ya bakuli kwenda juu. Mwanga ulitoka majini ukipinda. Kila nilipoilaza tochi ulizidi kuinama, mpaka ukatambaa juu ya uso wa maji. Nilipopita digrii arobaini na tisa hivi kutoka wima, haukutoka tena. Ulirudi wote ndani, kana kwamba juu pamefunikwa kwa kioo cha kujitazamia. Watoto walipiga makofi. Nilifaulu, na sikuona furaha wala nini.

Juma lililofuata ng'ombe aliacha kutoa maziwa. Alikuwa mgonjwa tu. Nilijua matone yangu hayakumfanya kitu. Lakini mama alitafuta kosa.

“Ule mukubwa alikunywa maziwa yote?” aliniuliza.

“Alikunywa yote, mama.”

“Basi ni mimi nilikosea. Ni hii mikono yangu.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Maneno yalifika mdomoni, yakarudi yote. Niliona aibu, lakini aibu isiyouma, kama mguu uliokufa ganzi. Nikaenda kuwasha moto.

Ng'ombe alikufa. Mama hakukamua tena. Majirani walipomwita awasaidie, aliificha mikono ndani ya kitenge, akasema ni mibaya. Miaka mingi nilifundisha somo lile, na maziwa nikiyatia bila kusita. Nikirudi nyumbani namkuta bado ameificha mikono yake, nami nakaa kando yake, namsimulia habari za shule.