Chakula Kisichohitaji Mikono

Binti yangu alipiga simu Jumanne kusema kwamba watu wa kijana wake wangekuja kutuona Jumamosi. Si watu wengi, alisema. Kijana mwenyewe, baba yake, shangazi yake na wazee wawili wa ukoo, wote kutoka Chekalini. Ilikuwa ziara ya kujuana tu. Kisha akaniuliza kama atafute mtu wa kutupikia.

Nilimwambia asitafute mtu.

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikitafutwa. Hapa Shirere na hata nje ya mji, mtu akiwa na harusi au matanga aliniita, nikaenda na mwiko wangu ulio mrefu kama mpini wa jembe. Ugali wa watu mia mbili niliusonga nikiwa nimesimama juu ya tofali. Binti yangu alikua akinisubiri kwenye majiko ya watu wengine, na alipopata huyo kijana alimsimulia habari za mapishi yangu, naye akawasimulia nyumbani kwao. Alichosahau kuwaambia ni kwamba mambo hayo yalikuwa yamekwisha.

Ugonjwa wa viungo ulinianza vidoleni miaka minne kabla ya ziara hiyo. Hospitalini walinipa vidonge vya kupunguza maumivu, na maumivu yalipungua kweli, lakini vidole viliendelea kupinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho, mkono wa kulia ukiongoza na wa kushoto ukifuata. Daktari aliniambia kwa upole kwamba kilichopinda hakitanyooka. Nilianza kushindwa kufungua chupa, kisha kukamua nguo, kisha kushika kisu. Nilipoacha kwenda kwenye sherehe za watu nilisema nimechoka. Wanawake wa kanisani walijua ukweli, na wangekuja wote kunisaidia kama ningewaita. Lakini wangekuja na ile sauti yao ya kuongea na mgonjwa, na mimi nilitaka nyumba yangu ipokee wakwe bila sauti hiyo.

Kwa hiyo kuanzia Jumanne hadi Ijumaa nilikaa jikoni nikifikiria chakula kisichohitaji mikono.

Mchele ulikuwa rahisi. Unauosha kwa kuuzungusha kwenye sufuria, unamimina maji, unafunika, unauacha na mambo yake. Viazi vitamu vinachemshwa na maganda yake, na mgeni anajimenyea mwenyewe akiona ni heshima ya shambani. Avokado inapasuliwa mara moja, kila mtu anapewa nusu yake na kijiko. Sukuma wiki nitanunua kwa mama wa mboga pale njia panda, yule anayeikatakata ukiwa umesimama. Chapati nitachukua kwa mwanamke anayewapikia wanafunzi waliopanga vyumba jirani. Nikizifunga kwenye kitambaa na kuziweka juu ya wali unaotoa mvuke, hakuna atakayejua hazikupikwa kwangu. Njugu karanga zitakuwa kwenye sahani mezani wakati wageni wanangojea. Chai itachemka yote pamoja, maziwa, majani na tangawizi, iingie kwenye ile chupa ya kubonyeza juu, ambayo naweza kuibonyeza kwa kiganja.

Kuku lazima awepo. Mume wangu, mwalimu aliyestaafu ambaye hajawahi kupika zaidi ya chai, alisema atachinja, atanyonyoa na kukata. Mimi ningemtia sufuriani na chumvi, na tangawizi iliyopondwa, na nyanya nzimanzima. Nyanya zikiiva hujivua ngozi zenyewe, na unazivunja kwa mgongo wa upawa bila kutumia nguvu. Nimewahi kula kuku wa namna hiyo kwenye matanga kulikokosekana wapishi, na alikuwa mtamu.

Kilichonishinda ni ugali. Wakwe wa Kiluhya wanaweza kusamehe mengi, lakini kuku bila ugali, ingokho bila obusuma, ni kama umewaambia wale haraka waende. Nao ugali hauna njia ya mkato. Unausonga au huuli.

Alhamisi mume wangu alisema atajaribu. Alivua shati, akabaki na fulana, akashika mwiko kama mtu anayechimba choo. Nilimwelekeza nikiwa nimekaa kwenye kigoda: punguza moto, ongeza unga, geuza kutoka chini. Uliiva ukiwa na madonge makavu ndani, kila donge kama yai la njiwa. Tulikula na maziwa. Alikula mwingi kuliko kawaida, ili nisione amevunjika moyo, kisha akasema, "Mama, tuwape wali. Ni watu wa siku hizi."

Ijumaa jioni binti yetu alifika kutoka Kisumu. Alikagua kila kitu nilichopanga, akasema ni vizuri, hata akacheka kidogo kuhusu chapati za wanafunzi. Asubuhi yake alinitolea sweta yenye mikono mirefu akaniomba niivae. Ilikuwa siku ya joto. Aliniambia pia kwamba yeye atapakua, yeye atanawisha wageni, mimi nikae tu na kuongea nao. Nilivaa sweta. Niliona ni mtoto anayemhurumia mama yake, na sikuuliza zaidi.

Walifika adhuhuri. Baba wa kijana alikuwa mzee mrefu wa maneno machache, mkulima wa mahindi, na viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi siku hiyohiyo. Shangazi alikuwa ndiye msemaji. Aliisifu nyumba, akausifu mti wa avokado nje, akawauliza wale wazee kama hawaoni binti anafanana na mama yake. Niliwapokea nikiwa nimesimama mbali kidogo, mikono nimeikunja ndani ya sweta, nikawaitikia kwa kichwa kama watu wenye adabu nyingi.

Chakula kilikuwa kizuri. Ninasema hilo kwa sababu ndilo jambo la mwisho nililolifanya vizuri. Kuku alikuwa laini na mchuzi mzito, ingawa vipande vya mume wangu havikulingana hata viwili. Firigisi alipewa baba wa kijana, akaila polepole. Wazee wale wawili walimaliza viazi vitamu wakaomba vingine. Shangazi alitazama meza kutoka mwanzo hadi mwisho, akauliza kwa kutania, "Kwani nyinyi watu wa Kakamega hamkulangi obusuma siku hizi?" Binti yangu alijibu haraka kwamba mama alitaka kuwapikia kitu tofauti na cha kila siku. Wakacheka, tukaendelea. Nakumbuka niliwaza kwamba tumepita.

Baada ya kula binti yangu alitoka kwenda jikoni kuleta chai, na mume wangu alikuwa akiwaonyesha wazee picha zilizotundikwa ukutani. Baba wa kijana alikuwa ameketi na vidole vyenye mchuzi, amevinyanyua mbele yake, akitafuta maji kwa macho bila kutaka kuuliza. Jagi na beseni vilikuwa kwenye kiti karibu nami. Mwili wangu uliinuka kabla sijafikiri. Miaka yote ile nimewanawisha watu, sikuwahi kumwacha mzee na mikono michafu. Niliweka beseni kwenye mapaja yake kwa kulisukuma na kiwiko, nikashika jagi kwa mikono yote miwili, nikaliinua.

Lilikuwa limejaa. Lilinitoka vidoleni kama kitu kilichopakwa mafuta. Maji yote yakamwagika juu ya mapaja ya mzee na viatu vyake, jagi likagonga sakafu, na mimi nikabaki nimesimama, mikono mbele yangu, sweta imerudi hadi kwenye viwiko.

Mzee mwenyewe alianza kusema si kitu, ni maji tu. Shangazi alisimama, akauchukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza huku na huku kama mtu anayenunua kitu sokoni. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa anaangalia tu.

"Mama, hii mikono imekuwa hivi tangu lini?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai.

"Alianguka," alisema. "Wiki jana, kwenye ngazi za kanisa. Aliangukia mikono."

Mume wangu aligeuka kutoka kwenye picha. Niliona anataka kusema kitu, nikaona pia ameniachia mimi. Shangazi alikuwa bado ameushika mkono.

"Ndiyo," nikasema. "Nilianguka."

Walinipa pole. Walisema nitumie maji ya moto na chumvi. Wakanywa chai, mzee mmoja akatuombea, wakaondoka kabla ya mvua. Suruali ya baba wa kijana ilikuwa bado na doa la maji, na alituaga kwa heshima zote.

Jikoni binti yangu alioshaosha vyombo bila kunitazama. Nilingoja. Mwishowe alinieleza kwamba kaka mkubwa wa yule kijana alikuwa na mchumba aliyempenda sana, na shangazi akagundua kwamba mama wa msichana ana kifafa, na habari ikaishia hapo. Alisema ni watu wazuri, lakini kwao ugonjwa wa mzazi ni ugonjwa wa wajukuu.

"Ningesema nini, Mama?" aliniuliza.

Nilimwambia amesema vizuri. Sijui kama nilimaanisha hivyo. Nadhani wakati ule nilimaanisha.

Lakini mtu aliyeanguka hupona. Hilo hatukulifikiria siku ile. Walipotuma habari kwamba wanarudi kuzungumza mahari, miezi mitatu baadaye, binti yangu alinipigia simu na kuzunguka sana kabla ya kufika alikokuwa akienda. Ingekuwa vizuri, alisema, kama siku hiyo ningekuwa kwa dada yangu Shianda. Angewaambia dada ni mgonjwa. Niliondoka Ijumaa. Dada yangu alikuwa mzima kabisa, akipalilia miwa, akashangaa kuniona. Jumamosi nzima nilikaa kwenye kivuli cha nyumba yake, na nyumbani kwangu mahari ya mtoto wangu wa pekee ikazungumzwa. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba waliletwa wapishi wa kukodi, ugali ukawepo, na kwamba hakuweza kula.

Kwenye harusi nilivaa glovu nyeupe za kitambaa chepesi, kama mama mwenye madaha. Binti yangu ndiye aliyezinunua, saizi kubwa ili ziingie. Aliweka rafiki yake mmoja karibu nami kutwa nzima, kazi yake ikiwa kupokea salamu kabla hazijanifikia. Hata hivyo shangazi alinifikia. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ile mikono bado. Nilimwambia inaendelea kupona, daktari ameridhika. Akasema Mungu ni mwema. Nilimpenda kidogo kwa kuuliza, na hilo lilifanya uwongo uwe mzito zaidi.

Mwaka uliofuata mtoto alizaliwa, msichana. Kwetu ni mama wa mzazi anayetarajiwa kwenda kukaa naye, kumwogesha mtoto na kumpikia uji. Nilikuwa nimeshafunga mkoba. Nilikuwa nimewaza namna ya kumbeba mtoto kwa mikono ya chini, kuanzia kiwiko, bila kutumia vidole, nikafanya mazoezi na mto wa kitanda. Binti yangu alipiga simu akasema shangazi yuko pale tayari, kwamba nyumba ni ndogo, kwamba nisijisumbue na safari. Kisha akasema jambo lenyewe.

"Mama, wao bado wanajua ulianguka."

Mume wangu ndiye aliyekwenda. Alipeleka njugu, ndizi, na blanketi nililonunua. Alirudi na picha nyingi kwenye simu, na kila alipozifungua alinishikia simu mwenyewe, kwa sababu nikiteleza kwenye kioo picha hupotea.

Mtoto sasa anakaa. Nasikia amepata meno mawili na kwamba anapenda viazi. Vidole vyangu vimeendelea na safari yao, na tangu mwaka huu siwezi kushika kijiko mpaka kifungwe kitambaa kwenye mpini. Nikienda leo, shangazi, hata angekuwa na macho mabovu, ataona kwamba sikuanguka popote, na atamgeukia binti yangu, kisha atamtazama mtoto. Mume wangu husema twende tu, tuseme ukweli, litakalokuja lije. Yeye anaweza kusema hivyo. Si yeye aliyesema ndiyo siku ile.

Juzi nilimpigia simu binti yangu nikamwambia labda nitafika wakati wa Pasaka, siku moja tu, asubuhi nikirudi jioni. Nilimsikia akihamisha mtoto kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Tutaangalia, Mama," alisema.

Nikamuuliza kama mvua imeanza huko kwao. Akasema bado.