Siku Niliyopasha Moto Pete ya Mama

Naanza na upumbavu wenyewe, usije ukausikia kwanza kwa dada yangu, maana yeye huongeza chumvi. Nikiwa na miaka minane nilivaa pete ya ndoa ya mama kwenye kidole gumba. Ikakwama. Nami nikakiweka kidole juu ya makaa ya mbabula, lile jiko letu la makaa, ili pete ipanuke. Kwa akili zangu zote, na nikiona nafanya sayansi.

Nimekumbuka yote haya wiki hii, shuleni. Mwalimu wa fizikia aliandika ubaoni neno refu la Kifaransa, akasema vitu vingi vikipata joto hupanuka, akauliza nani ana mfano wa nyumbani. Mimi, ambaye siwezi kunyamaza hata nikilipwa, nilificha kidole gumba chini ya meza.

Wakati ule tulikaa mtaa wa Nyalukemba, nyumba ya mbao na mabati. Ukiteremka kidogo uko ziwani. Rafiki, kama hujalala chini ya mabati yale, hujui muziki. Jua likitoka kwenye wingu, ka! Likijificha, ka-ka! Koko, bibi yetu, mama yake papa, mzaliwa wa kisiwa cha Idjwi, alikuwa akisema bati linajinyoosha kama mtu aliyeamka vibaya. Mimi nilicheka. Leo fizikia inasema hivyohivyo, ila kwa maneno magumu zaidi.

Mama naye alikuwa na desturi yake. Kabla ya kusonga bugali alivua pete, akaitundika kwenye msumari, kando ya rozari. Hatukuuliza kwa nini. Tuliona tu mvuke unampiga usoni, mwiko wa mti unazunguka, na mkono wake ukitoka pale mwekundu, umejaa kama mkate. Harufu ya bugali ikianza kushika chini, tulijua kuna ukoko, na vita ya ukoko ilianza kabla ya sala.

Pete ile ilikuwa na uzito wake nyumbani kwa sababu mwenzake, pete ya papa, ilikuwa imepotea. Papa alisema ya kwake ilimponyoka ziwani asubuhi moja akioga. Mama hakuamini hata nusu. "Pete haina miguu," alikuwa anasema. "Itatokaje yenyewe?" Papa alifanya kazi ya lori, siku nyingi yuko safarini Luvungi, na kila alipochelewa kurudi, maneno ya ile pete ya ziwani yaliletwa mezani pamoja na chakula. Ya mama ndiyo ilikuwa imebaki kwa ndoa nzima.

Sasa sikia. Jumamosi, saa sita ya mchana, bugali imefunikwa, makaa yanangojea sambaza, na mama ameenda bombani kuviosha hivyo visamaki. Wiki chache nyuma askofu, yaani Monsenyeri, alikuwa amekuja parokiani kwetu kutoa kipaimara, nami nilikuwa nimeona watu wazima, hata mwalimu wangu mwenye fimbo, wakiinama kubusu pete yake. Nikasema moyoni, kazi ni hiyo. Nikatengeneza kofia ya askofu kwa katoni ya sabuni, nikashusha pete kutoka msumarini, na kwa kuwa vidole vingine vilikuwa vyembamba, nikaisukuma kwenye kidole gumba mpaka ikapita kifundo. Dada yangu wa miaka mitano akapiga magoti, akabusu. Akabusu tena. Mara ya tatu akaomba zamu yake ya kuwa askofu, na hapo ndipo nilipojua pete haitoki.

Nilivuta, nikazungusha, nikauma. Kidole kikavimba. Ndipo nikakumbuka sayansi.

Shuleni darasa letu na la sita yalitenganishwa na mbao zenye nafasi, na masomo yao yalinifurahisha kuliko yangu. Siku moja mwalimu wao alileta boliti na nati, boliti haikuingia. Akapasha nati kwenye makaa, akaishika kwa koleo, boliti ikaingia. Darasa likapiga makofi. Kisha akasema, "Na sasa, tukiweka zote mbili kwenye moto?" Hapo kengele ikalia, nami nikakimbilia mpira. Nusu nzuri ya somo ikabaki kule nyuma.

Basi nikanyoosha kidole juu ya makaa. Unajua inavyokuwa: mwiko wa mti unakaa kwenye bugali saa nzima na bado unashikika, lakini chuma hakina subira. Pete ilinywa moto wote mara moja, ikanipa mimi. Kidole nacho, badala ya kutulia, kikazidi kujaa. Sauti yangu sikumbuki. Nakumbuka ya dada yangu akikimbia bombani:

"Mama! Mama! Monsenyeri anaungua!"

Mama alifika na sambaza zikimwagika njiani. Hakupiga. Hiyo ndiyo iliniogopesha. Alijaribu sabuni, akajaribu mafuta ya mawese mpaka nikang'aa kama andazi. Kidole kikawa rangi ya bilinganya. Jirani yetu sudere, mchomeleaji wa milango ya vyuma, akaitwa, akaja na msumeno mdogo, akakitazama kidole bila mzaha.

"Maman, damu haipite muzuri. Nikate hii pete, ao..."

"Ao nini?"

"Ao tungojee. Na miye sipendi kungojea."

Mama alitazama ule msumari mtupu, mara moja tu. "Kata, baba. Pete ni kintu. Mutoto ni mutoto."

Mimi nililia zaidi hapo kuliko kwenye moto. Nilijua sudere akimaliza, nyumba yetu haitakuwa na pete hata moja, na mwenye kosa ni mimi, mwenye kofia ya katoni kichwani.

"Ngojeni kwanza," koko akasema kutoka mlangoni. "Mumupeleke ku ziwa."

"Maman, mafuta imeshindwa," mama akamwambia. "Maji itafanya nini?"

"Kwetu Idjwi, bavuvi banavuaka pete mbele ya kuingia mu maji ya baridi. Baridi inakondesha kidole. Moto njo unakinenepesha, hamuoni?"

Sudere akakuna kichwa. "Sawa, koko. Lakini nakuja na musumeno."

Tukateremka, msafara mzima, dada yangu mbele kama yuko kwenye maandamano ya Ekaristi. Koko alinikalisha juu ya jiwe kwenye kivuli, akazamisha mkono wangu mpaka kiwiko. Baridi ilinishika kwenye mifupa. Kisha mkono juu, hewani. Kisha majini tena. Mara ya kwanza, hakuna. Ya pili, sudere akaanza kufuta msumeno kwa shati. Ya tatu pete ikazunguka, kidogo tu. Mama haraka akakunjua kikwembe chake chini ya mkono wangu, maana ziwa lilikuwa limeshakula moja. Koko akapaka sabuni, akasokota taratibu, na pete ikateleza, ikaangukia kitambaani bila kelele.

Sudere alicheka mpaka akakaa chini. "Monsenyeri, umevuliwa cheo!" Nami nikacheka na makamasi yangu, kwa raha ambayo sijaipata tena hata siku ya matokeo ya mtihani.

Ile nyumba ya mbao haipo. Siku hizi tuna matofali na dari, na kama bati linajinyoosha huko juu, linafanya hivyo bila sisi. Mbabula imeshika kutu nyuma ya choo, koko amelala kwao Idjwi, na hakuna tena wa kunieleza fizikia kabla ya fizikia. Kidoleni nina alama ndogo ya mviringo. Baridi ya asubuhi ikizidi, naiona vizuri.

Siku ile, pale kwenye jiwe, mama aliishika pete, akatazama maji muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nangojea kofi. Akafunga pete kwenye ncha ya kikwembe, mafundo mawili, akasema:

"Papa yako akitoka Luvungi, umuambie nimemusamehe. Weye, bado."